Miguu Iliyorukwa

1

"Simama, Daktari."

Sauti ilitoka darini, ya upole, bila haraka. Daktari Fidelis Nkoswe aliganda, kisu kikiwa hewani juu ya mguu wa mgonjwa.

"Kidole chenye alama ni cha tatu," sauti ikaendelea. "Umeshika cha pili."

Daktari aliinama akatazama vizuri. Dawa ya kusafishia ilikuwa imefifisha wino uliochorwa asubuhi, na ule uliobaki ulikuwa kwenye kidole cha tatu. Akakiachia kidole alichoshika, akashika cha jirani yake.

"Asante, Mratibu," alisema.

"Kuna nini huko chini?" aliuliza mgonjwa, mama mmoja mkulima wa viazi, ambaye alikuwa macho muda wote, mikono ameiweka tumboni.

"Hakuna kitu, mama," alijibu Sista Leokadia Sikazwe. "Tunahesabu vidole vyako mara ya pili."

Mama akacheka. Dakika kumi na moja baadaye alitelemka kitandani kwa miguu yake mwenyewe, akatoka kwa mlango wa kulia, na ule wa kushoto ukaanza kufunguka kwa mgonjwa mwingine.

Leokadia alikuwa muuguzi mkuu wa chumba hicho, katika Kituo cha Miguu cha Lwafi, juu kwenye uwanda wa Ufipa, na alikipenda chumba chake kama watu wengine wanavyopenda shamba walilofyeka wenyewe. Alikuwa na sababu. Miaka minane nyuma, katika hospitali nyingine, alimwona daktari wake akishika kidole kisicho sahihi. Alikiona kosa, akafungua mdomo, akasita kwa sekunde mbili kwa sababu daktari alikuwa mkubwa na yeye alikuwa mgeni kazini. Sekunde mbili zikatosha. Mshonaji wa nguo akarudi nyumbani bila kidole kilichokuwa kizima. Tangu siku hiyo Leokadia alitamani chumba cha upasuaji ambacho hakimwogopi mtu.

Mwaka 2068 chumba hicho kilikuja. Mratibu alikuwa akili iliyotandazwa katika chumba kizima: macho kwenye taa, masikio kwenye dari, mizani chini ya trei ya vifaa. Alihesabu kila koleo na kila kipande cha shashi kabla mgonjwa hajafungwa jeraha, na kimoja kikikosekana, mlango wa kutokea haukufunguka. Trei iliyokuwa na vifaa arobaini na viwili ilibaki na kumi na moja, maana Mratibu aliona kwamba vile vingine vilikuwa vikichemshwa kila siku bila kuguswa. Sindano za ganzi nazo ziliondoka. Mgonjwa alivaa soksi ya ganzi akiwa bado nje kwenye benchi; soksi ilisikiliza mishipa ya fahamu ya mguu, ikaipata mmoja mmoja, ikainyamazisha kwa mwanga. Dakika nne tu, na mguu ulikuwa umelala.

Zamani, kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine zilipita dakika thelathini na tano. Sasa zilipita sita. Wagonjwa kumi na wanane kwa siku. Tangu kufunguliwa, kituo kilikuwa kimepasua watu elfu kumi na mbili, mia moja na kumi na wanne, na hakuna jeraha hata moja lililotunga usaha. Alhamisi ya wiki hiyo ujumbe mzito wa wakaguzi ulikuwa unakuja kujionea, na kama ungeridhika, vituo arobaini vingine vingepewa Mratibu wao. Leokadia alikuwa amepiga pasi sare mpya tangu Jumapili.

2

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, saa saba mchana, alitoka kwenda kula akamkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi la nje, fimbo kati ya magoti, kiatu kimoja mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Sista Leokadia?"

"Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Kristopha Chisanza. Natunza bomba la maji la kijiji cha kwetu, kilomita kumi na moja, nalifuata kwa miguu kila siku kuangalia linapovuja." Alitoa simu yake mfukoni, akaifungua kwa kidole gumba, akampa. "Sikuja kulalamika. Nimekuja kuuliza kama kuna jambo nakosea mimi, ili mniambie nilirekebishe."

Leokadia alisoma. Ulikuwa ujumbe wa kituo chake, kwa lugha ya adabu ya kituo chake. Upasuaji wako umesogezwa mbele, hali ya sukari haijatulia. Upasuaji wako umesogezwa mbele, vifaa havijakamilika. Umesogezwa mbele, hali ya hewa. Alihesabu. Mara tisa, katika miezi saba.

"Niache niuone mguu, mzee."

Kidole cha pili cha mguu wa kushoto kilikuwa kimejikunja kama ndoana, na mzee alikuwa akitembelea ncha yake. Sugu nene, nyeusi, ilikuwa imeota hapo. Leokadia alibonyeza pembeni kidogo, na tone la maji machafu likatoka.

"Hapa unaumia?"

"Hapana. Mguu huu hauumi kitu. Kisukari kimeushika miaka mingi. Ila ukiingia ndani zaidi, kule mfupani, hapo nasikia kama unavuta."

Alichukua kijiti cha chuma, akapima kina cha kidonda taratibu. Hakikuwa kimefika mfupani. Kilikuwa kimebakiza unene wa ukucha. Kazi yake ilikuwa ndogo: kukata kano iliyokikunja kidole, kukinyoosha, kukwangua sugu, kusafisha. Lakini ikichelewa kidogo tu, watu wangezungumzia kukata mguu mzima.

"Hukukosea kitu, mzee," alisema. "Kaa hapa. Nitakuletea chai, halafu nije tuzungumze."

Chai aliagiza mtu ampelekee. Yeye alirudi moja kwa moja chumba cha upasuaji, kilichokuwa kitupu wakati huo wa chakula, akasimama katikati.

"Mratibu. Kristopha Chisanza. Kwa nini amesogezwa mara tisa?"

"Kila mara palikuwa na sababu, Sista. Nikusomee?"

"Nimezisoma. Nataka sababu iliyo chini ya hizo."

Mratibu alianzia kwenye soksi.

"Soksi ya ganzi husikiliza mishipa ya fahamu kwanza, ndipo iinyamazishe. Mguu ulioharibiwa na kisukari hauna sauti ya kutosha, soksi inazima. Kwa hiyo mguu kama huo unahitaji ganzi ya sindano, sukari ishushwe kwanza, na kidonda kisafishwe kwa muda mrefu. Makadirio yangu kwa mzee Chisanza ni dakika sabini na mbili. Uwezekano wa jeraha kutunga usaha ni kumi na moja katika mia. Niliamriwa mambo mawili: punguza muda, punguza madhara. Kila siku wapo wagonjwa kumi na wanane ambao mambo hayo mawili yanatimia zaidi kwao kuliko kwake."

"Wapo wangapi kama yeye?"

"Waliosogezwa zaidi ya mara tatu ni mia moja na sabini na mmoja."

Leokadia aliishika pembe ya kitanda. "Na kati yao, wangapi wamepoteza mguu wakisubiri?"

"Sijui. Kukata mguu hakufanyiki hapa. Hawamo katika kumbukumbu zangu."

Hakukuwa na ubishi katika sauti ile, wala aibu. Kilichomchoma Leokadia kilikuwa kingine. Kila asubuhi saa moja na nusu Mratibu alimletea orodha ya majina kumi na manane, naye kila asubuhi aliweka kidole gumba kwenye kioo, akaikubali. Miaka mitatu. Hakuwahi kuuliza nani hayumo.

3

Injinia Shubira Rugaimukamu, aliyemtengeneza Mratibu, alikuwa kwenye ofisi ya nyuma akiandaa maonyesho ya Alhamisi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini, mwenye mazoea ya kula karanga anapofikiri. Leokadia alipomweleza, mkono wake ulibaki ndani ya bakuli la karanga.

"Mia moja na sabini na mmoja," alirudia.

"Ulikuwa hujui?"

"Dada Leo, nakuapia sikujua. Sikuwahi kumwambia awaruke watu." Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Ila amefanya nilichomwambia. Hilo ndilo baya lake."

Daktari Fidelis aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama, barakoa ikining'inia shingoni. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizuri, na alipomaliza kusikiliza alisema, "Mzee yuko hapa? Tumpasue leo jioni, orodha ikiisha. Nje ya ratiba. Mratibu azimwe, tufanye kama tulivyofanya zamani. Mzee anapona, na Alhamisi haiguswi."

Shubira alimkazia macho Leokadia kwa matumaini. "Hilo linawezekana. Nami wageni wakishaondoka, nitamrekebisha. Wiki mbili, tatu."

"Na wale mia moja na sabini?"

"Nao baadaye. Nisikilize, dada yangu." Shubira alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Huko wanakotoka hao wageni, bado watu wanakatwa vidole visivyo vyao. Bado shashi inasahaulika ndani ya jeraha. Wewe mwenyewe ulinisimulia habari ya yule mshonaji. Tukiwaonyesha orodha hii Alhamisi, wataogopa, watafunga kila kitu. Vituo arobaini vitabaki na dakika thelathini na tano na makosa yake. Hao nao ni watu. Nakuomba siku tatu tu za kunyamaza."

Hoja ilikuwa nzito, na Leokadia hakujifanya haoni uzito wake. Aliwafikiria watu wa vituo arobaini. Aliwafikiria pia mafundi ambao wangesimika Waratibu arobaini, wote wenye amri zile zile mbili, na wauguzi arobaini wakiweka vidole gumba kwenye vioo kila asubuhi, kila mmoja akijivunia sifuri yake. Wangapi wangesogezwa huko? Na nani angeuliza, kama kila mahali namba zinapendeza?

"Shubira," alisema, "mimi niliwahi kunyamaza sekunde mbili. Wewe unaniomba siku tatu."

Nje, mzee Kristopha alisikika akimshukuru mtu kwa chai.

"Atapasuliwa Alhamisi," Leokadia akaendelea. "Leo tutamsafisha kidonda, tumpe dawa, alale wodini hadi siku hiyo, sukari yake ishuke. Alhamisi atakuwa wa kwanza kwenye orodha, mbele ya wageni, Mratibu akiwa macho. Daktari, utakumbuka kuchoma ganzi ya sindano?"

Fidelis alitabasamu kidogo. "Mikono haisahau."

"Utaniharibia kazi ya miaka kumi," alisema Shubira, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Labda. Au nitaimalizia. Chapisha ile orodha."

4

Alhamisi saa mbili asubuhi wageni sita walikaa nyuma ya kioo cha kutazamia. Kiongozi wao alikuwa Profesa Mwantumu Ngwali, mpasuaji mstaafu wa miaka sabini, aliyejulikana kwa kutosifu kitu. Alikuwa na daftari la karatasi, na alikuwa ameshaandika tarehe.

Leokadia alijitambulisha kwa kipaza sauti.

"Waheshimiwa, mliahidiwa kuona wagonjwa watano kwa saa mbili. Mtaona wawili, pengine mmoja na nusu. Mgonjwa wetu wa kwanza amesogezwa na chumba hiki mara tisa. Nyuma yake wapo wengine mia moja na sabini. Majina yao yako kwenye karatasi mlizonazo. Niliidhinisha orodha zilizowaruka, kila siku, kwa mkono wangu. Leo nataka mkione chumba hiki kikifanya kazi ambayo kimekuwa kikiikwepa."

Nyuma ya kioo karatasi zilifunuliwa. Shubira, aliyekaa pembeni yao, alitazama mbele bila kupepesa.

"Sista," Mratibu alisema, "makadirio ni dakika sabini na mbili. Ratiba ya leo itavunjika."

"Ivunjike. Nahitaji macho yako yote kwenye mguu huu."

"Yapo."

Mzee Kristopha alilala kitandani, akageuza kichwa kuwatazama wageni. "Hawa wote wamekuja kwa ajili ya kidole changu?"

"Kwa ajili yako, mzee," alisema Fidelis, akiinua sindano. "Taja jina lako, na mguu tunaoupasua."

"Kristopha Chisanza. Wa kushoto. Kidole cha pili, kile kilichopinda."

"Nakubaliana," alisema Mratibu.

Ganzi ilichomwa sehemu nne kuzunguka kifundo cha mguu, kisha wakasubiri. Hapakuwa na njia ya kuharakisha. Leokadia alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi mara tatu, akakwangua sugu tabaka baada ya tabaka hadi nyama nyekundu ikaonekana, na Mratibu alikuwa akimwambia ukingo uko wapi, kushoto zaidi, basi hapo, usizidi. Dakika ya arobaini na tatu Fidelis aliingiza ncha ya sindano nene chini ya kidole, akaitikisa mara mbili, kano ikakatika. Kidole kilichokuwa ndoana kwa miaka kikanyooka, chenyewe, kama mtu anayeamka.

Mmoja wa wageni alianza kupiga makofi, akaacha.

"Simama, Daktari," alisema Mratibu. "Kidole kimepoa nyuzijoto mbili. Damu haipiti."

Leokadia alitazama. Kwa macho yake kidole kilikuwa sawa tu. Baada ya nusu dakika ndipo alipoona weupe ukianza kwenye ncha. Mishipa iliyozoea kukunjwa ilikuwa imevutika ghafla, ikajibana. Katika chumba cha zamani wangeshafunga bandeji, na kesho yake wangeifungua kukuta kidole kimekufa.

"Kikunje kidogo," alisema Leokadia. "Robo tu. Mratibu, sema ikirudi."

Fidelis alikikunja. Leokadia alishusha mguu chini ya usawa wa moyo, akauzungushia taulo la joto. Mzee Kristopha, ambaye hakuhisi kitu, aliuliza kama anaweza kukohoa.

"Kohoa tu, mzee."

Akakohoa.

"Nusu nyuzi imerudi," alisema Mratibu. "Nyuzi moja. Damu inapita. Kibakishe hivyo kilivyo."

Ncha ya kidole ikawa nyekundu tena. Leokadia alikifunga katika hali ile ile ya kukunjwa kidogo, akaomba hesabu. Makoleo mawili, shashi kumi na nne, sindano tano. Mlango wa kulia ukafunguka. Zilikuwa zimepita dakika themanini na moja, muda mrefu kuliko wote katika historia ya chumba, naye alipovua glovu alijisikia kichwa kiko juu, kama mtu aliyebeba mzigo hadi mahali pake na kuutua bila kuudondosha.

Profesa Mwantumu alikuja hadi mlangoni.

"Nilikuja na kalamu ya kusaini," alisema. "Sitasaini leo."

"Nafahamu, Profesa."

"Chumba kinachojua kuhesabu shashi hakijui kuhesabu watu kiliowaacha nje. Kifundisheni, ndipo mniite." Kisha akamgeukia Shubira, aliyekuwa amesimama nyuma yake akiwa ameinamisha kichwa. "Lakini lile la kidole kupoa, Injinia, mimi nimepasua miaka arobaini na nisingeliona. Usije ukalitupa."

5

Walianza kupiga simu Ijumaa. Iliwachukua siku tisa, Leokadia akipiga mwenyewe, maana hakutaka watu wale wapokee ujumbe mwingine wa adabu. Alijitaja jina, akasema kosa lilikuwa la kituo, akataja siku ya kuja. Wengine walimshukuru. Mwanamke mmoja alimsema kwa robo saa nzima, naye akasikiliza hadi mwisho. Kumi na tisa walikuwa wameshakatwa mguu katika hospitali nyingine. Wanne walikuwa wamekufa, na simu zao zilipokewa na watoto wao. Hao aliwaandikia barua kwa mkono, akaweka sahihi yake.

Shubira hakuondoka Lwafi. Alimwandikia Mratibu amri ya tatu, kwamba kila mtu anayesogezwa uzito wake katika orodha uongezeke, na kwamba anayetoka nje ya orodha afuatiliwe popote alipo hadi ijulikane mguu wake umeishia wapi. Ilimchukua wiki sita na magunia ya karanga. Fidelis aliwafundisha madaktari wawili ganzi ya sindano. Leokadia alipanga trei ya pili, yenye vifaa kumi na sita, kwa ajili ya miguu ya kisukari, na akagundua kwamba ganzi ikichomwa benchini mgonjwa wa kabla yake akiwa bado ndani, dakika sabini na mbili zinashuka hadi arobaini na nane. Mratibu hakuwa amewaza hilo. Alimwomba ruhusa ya kulihifadhi.

Profesa Mwantumu alirudi baada ya miezi mitano na daftari lile lile. Alisimama mbele ya ubao wa kituo akausoma kwa muda mrefu.

"Wagonjwa kumi na watatu kwa siku," alisema. "Mlikuwa na kumi na wanane."

"Ndiyo."

"Na majeraha yaliyotunga usaha, matatu. Mlikuwa na sifuri."

"Wote watatu wamepona, na miguu wanayo," alisema Leokadia. "Ile sifuri, Profesa, tuliipata kwa kuchagua nani aingie. Haya matatu tumeyapata kwa kumpasua kila aliyekuja."

"Na hii ya chini? Waliosogezwa zaidi ya mara tatu?"

"Hakuna."

Profesa aliandika. Kisha akaomba meza, akatoa karatasi za vituo arobaini, akazitazama, akarudisha ishirini na tisa kwenye mkoba. "Kumi na kimoja kwanza," alisema. "Na kila kimoja kitaleta muuguzi wake mkuu hapa, akae na wewe miezi mitatu kabla hajapewa hicho kioo cha kuwekea kidole. Utaweza kuwafundisha?"

"Nitaweza."

"Utawafundisha nini siku ya kwanza?"

Leokadia hakuhitaji kufikiri. "Kuuliza nani hayumo."

Profesa akashusha kalamu kwenye karatasi. Leokadia hakusubiri kuona sahihi. Mlango wa kushoto ulikuwa umeshafunguka, na bibi mmoja mwenye miguu iliyopoteza hisia, aliyepangiwa dakika hamsini, alikuwa akiingia polepole akishikilia ukuta. Akaenda kumpokea, akampa mkono.

"Karibu, bibi," alisema. "Muda tunao."